Mpango wa kukodi lori mpaka liwe lako: tathmini ya kinachobaki baada ya makato

Kampuni nyingi kubwa za uchukuzi nchini Marekani huwauzia madereva huduma inayovutia sana. Unachukua kichwa cha lori bila malipo ya awali, bila mtu kupekua historia yako ya mikopo, unalipa kidogo kidogo kila wiki kutokana na mizigo ya kampuni ile ile, na baada ya miaka mitatu au minne lori linakuwa lako. Dereva anaahidiwa kwamba ataacha kuwa mwajiriwa na kuwa mwenye biashara yake mwenyewe. Nimewahi kuendesha kwa ujira wa kampuni, nimewahi kuendesha chini ya mpango wa namna hii katika kampuni ambayo sitaitaja, na sasa naendesha lori nililolinunua kwa mkopo wa kawaida. Kwa kuwa swali ninaloulizwa na madereva wenzangu wanaozungumza Kiswahili kuliko maswali yote ni kama mpango huu una faida kuliko mshahara, naona inafaa kuutathmini kama tunavyotathmini bidhaa yoyote inayouzwa kwa fedha nyingi.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji apitie hesabu akijua zinaelekea wapi. Mpango huu, kwa jinsi unavyouzwa mara nyingi, unamtwisha dereva gharama za mwenye lori huku ukimwachia uhuru ule ule aliokuwa nao alipokuwa mwajiriwa. Ni huduma ambayo singempendekezea ndugu yangu, isipokuwa katika hali chache nitakazozieleza. Sababu si ubora wa malori, ambayo kwa kawaida ni mazuri, wala tabia ya watu wa ofisini, ambao wengi wao walinihudumia kwa heshima. Sababu ni hesabu.

Anayekushawishi kusaini hukutajia pato ghafi. Atasema madereva wake wanaingiza dola laki mbili kwa mwaka, na huenda anasema kweli, kwa maana kwamba hiyo ndiyo thamani ya mizigo waliyoivuta. Dereva wa kampuni akiilinganisha namba hiyo na mshahara wake anajiona amepunjwa. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba mshahara wa kati wa madereva wa malori makubwa ulikuwa dola 57,440 kwa mwaka kufikia Mei 2024, na ukiziweka namba hizo mbili pamoja, ni rahisi mtu kuamua hapo hapo. Lakini mshahara ni fedha iliyobaki baada ya lori kula, na pato ghafi ni fedha ambayo lori halijaanza kuila. ATRI, taasisi ya utafiti ambayo kila mwaka hukusanya hesabu za kampuni za uchukuzi, ilikadiria kwamba mwaka 2024 kuendesha lori maili moja kuligharimu dola 2.26, ujira wa dereva ukiwamo, na mwaka uliotangulia dola 2.27. Anayetajiwa dola mbili kwa maili anapaswa kuuliza kwanza ni gharama zipi kati ya hizo zitakuwa juu yake.

Tumweke dereva wa kampuni kuwa kipimo. Yeye hulipwa senti kadhaa kwa maili, na maili zenyewe mara nyingi hazihesabiwi kwa kilichoandikwa kwenye dashibodi bali kwa jedwali la kampuni la umbali kati ya miji, kwa hiyo karibu kila safari ina maili chache za bure. Akifika ghalani kupakia au kupakua, saa mbili za kwanza za kusubiri kwa desturi hazilipwi, na zinazofuata hulipwa kwa mabishano. Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 inamwacha nje ya haki ya malipo ya ziada kwa saa zinazozidi 40 kwa wiki. Wakati huo huo kanuni za usalama zinamruhusu kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na humzuia kuendesha pale tu anapofikisha saa 70 za kazi katika siku 8, jambo linaloonyesha wiki yake inavyoweza kuwa ndefu. Tangu mwaka 2018 hawezi hata kukata posho ya chakula cha safarini katika hesabu ya kodi ya shirikisho, ilhali anayejiajiri bado anaruhusiwa. Malalamiko haya ni ya haki, na anayemwambia dereva wa kampuni kwamba hana la kulalamikia hajawahi kulala kwenye foleni ya ghala.

Hata hivyo, gharama asizozibeba ni nyingi kuliko anavyodhani, kwa sababu hazionekani kwenye karatasi yake. Dizeli si yake, matairi si yake, bima ya mzigo na ya watu wengine barabarani si yake, na lori likizimika usiku kando ya njia, kazi yake ni kupiga simu na kusubiri. Mwajiri pia humlipia nusu ya michango ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, na akiumia kazini ana fidia ya mfanyakazi. Tuchukue wiki ya maili 2,800, ambazo 2,500 zina mzigo na 300 ni tupu, kwa senti 58 kwa maili. Tukitoa asilimia 5 kwa ajili ya maili zisizohesabiwa, zinabaki 2,660, nazo zinampa takriban dola 1,543. Michango yake mwenyewe ni asilimia 7.65, yaani dola 118. Anabaki na dola 1,425 kabla ya kodi ya mapato na bima ya afya.

Sasa tuziweke maili hizo hizo katika karatasi ya malipo ya dereva aliye ndani ya mpango wa kukodi. Karatasi hii hutoka mara moja kwa wiki, na ningemshauri yeyote anayefikiria kusaini aombe kuonyeshwa ya dereva halisi, ya wiki kadhaa mfululizo, wala asikubali mfano uliochapwa na ofisi. Juu kabisa imeandikwa thamani ya mizigo, tuseme dola 5,600, ambayo kampuni inachukua asilimia 30 na dereva anaandikiwa dola 3,920. Chini yake makato yanaanza. Kodi ya lori kwa wiki ni dola 950. Akiba ya matengenezo, senti 12 kwa kila maili, ni dola 336. Bima ya lori lenyewe, pamoja na ile inayolilinda likiwa nje ya kazi ya kampuni, ni dola 110. Bima ya ajali kazini, inayochukua nafasi ya ile fidia ambayo hana tena, ni dola 45. Namba za usajili na kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa, ambacho kanuni zilianza kukilazimisha Desemba 2017, ni dola 55. Lori likitumia galoni moja kwa maili 7, wiki hiyo imekunywa galoni 400, na kwa dola 3.60 baada ya punguzo la kampuni hizo ni dola 1,440. Ada za barabara, mizani na maegesho ni dola 70. Jumla ya makato ni dola 3,006, na kilichoandikwa mwishoni mwa karatasi ni dola 914.

Na bado kodi ya serikali haijafika. Anayejiajiri hulipa pande zote mbili za michango, mwajiri na mwajiriwa, asilimia 15.3, na fedha hizo haziko kwenye karatasi kwa kuwa kampuni haimkati. Posho ya chakula inamsaidia: tangu Oktoba 2024 kiwango chake kwa wafanyakazi wa uchukuzi ni dola 80 kwa siku ndani ya Marekani, na asilimia 80 ya kiasi hicho hutolewa kwenye pato kabla ya kodi. Kwa siku sita za njiani anaondoa dola 384, na michango yake inakuwa takriban dola 75. Anabaki na dola 839, dhidi ya dola 1,425 za mwenzake anayevuta trela la kampuni ile ile katika barabara ile ile. Hata tukisema kwamba akiba yote ya matengenezo itamrudia siku moja bila kuguswa, jambo ambalo ni nadra, bado hafiki dola 1,200.

Viwango hivi nimevichagua kwa mfano, na kila kampuni ina vyake, lakini mistari yenyewe ndiyo iliyomo. Kinachoumiza zaidi ni tabia ya mistari hiyo, kwamba mingine hupungua kazi inapopungua na mingine haipungui kamwe. Dizeli hukoma lori linaposimama. Kodi ya lori na bima hazikomi. Dereva akienda nyumbani kumuuguza mtoto, au akikaa siku nne gerejini akisubiri kitambuzi cha mfumo wa moshi, anaanza wiki inayofuata akidaiwa zaidi ya dola elfu moja, na deni hilo hukatwa kwenye mzigo wa kwanza atakaovuta. Nimeona karatasi ambayo mwisho wake una alama ya kutoa, ya dereva aliyefanya kazi wiki nzima. Mwajiriwa anaweza kupata wiki mbaya, lakini hawezi kumaliza wiki akiwa na deni kwa mwajiri kwa sababu tu gari halikutembea.

Ningevumilia hesabu hizi kama dereva angepewa mamlaka ya kuzibadilisha. Mwenye biashara akiona njia fulani haina faida huiacha, na akiona dalali wa mizigo analipa vizuri humfuata. Katika mpango huu lori hukodishwa kwa dereva na kampuni, kisha dereva hulikodisha tena kwa kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo hawezi kulipeleka kuvuta mizigo ya mtu mwingine. Mizigo hupangwa na ofisi. Anaweza kukataa mzigo, kwa maandishi, lakini anayekataa hujikuta akisubiri mzigo mwingine huku kodi ya siku ikihesabiwa. Akiondoka kabla ya muda, kwa mikataba mingi lori hubaki na kampuni pamoja na yote aliyokwisha kulipa, kisha hukabidhiwa dereva mwingine anayeanza kulipa upya. Na wale wanaofika mwisho mara nyingi hukuta malipo ya kumalizia ya maelfu ya dola, yaliyoandikwa kwenye ukurasa ambao hakuna aliyewasomea.

Mashaka haya si yangu peke yangu. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliagiza kiundwe kikosi kazi cha kuichunguza mikataba ya kukodisha malori kwa madereva, na ripoti yake ya Januari 2025 ililipendekezea Bunge la Marekani lipige marufuku mikataba ya kukodi na kununua inayosimamiwa na kampuni ambayo dereva anaivutia mizigo. Kabla ya hapo, Januari 2019, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la New Prime dhidi ya Oliveira kwamba sheria ya shirikisho ya usuluhishi haiwezi kutumiwa kuwazuia madereva wa malori kwenda mahakamani, hata kama mkataba unawaita wakandarasi huru. Mlalamikaji katika shauri hilo alikuwa amevuta mizigo chini ya mpango wa aina hii hii.

Yako mambo ambayo huduma hii inayafanya vizuri, na nisingetenda haki kuyapita. Anayeingia nchini bila historia ya mikopo hapati benki ya kumkopesha kichwa kipya, na mpango huu humfungulia mlango bila kumtoza senti siku ya kwanza. Lori huwa jipya au karibu jipya, na likiwa bado chini ya dhamana ya mtengenezaji, matengenezo makubwa ya injini hayamwangukii. Punguzo la dizeli ambalo kampuni kubwa hupewa vituoni ni la kweli, na nililiona kila nilipojaza tangi. Trela mara nyingi halitozwi. Zaidi ya yote, dereva hujifunza kusoma gharama kwa maili, elimu ambayo mwajiriwa haipati hata akiendesha miaka kumi. Mtu asiye na familia ya kumngoja nyumbani, anayekaa njiani wiki sita mfululizo na kuvuta maili 3,000 kila wiki, anaweza kupita katika mpango huu akatoka na akiba. Nawajua wachache waliofanikiwa hivyo, na wote waliishi ndani ya lori.

Sasa kuna mwenye lori hasa, mwenye namba yake mwenyewe ya kuchukua mizigo kutoka FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori. Ombi lenyewe ni dola 300 tu, na hilo huwafanya wengi waone mlango ni mwepesi. Uzito uko kwenye bima. Sheria inataka bima ya angalau dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, madalali wengi hawampi mzigo asiye na ya dola milioni moja, na aliyeanza juzi hutozwa bei ya juu kabisa kwa kuwa hana rekodi. Juu yake kuna kodi ya shirikisho ya magari mazito, dola 550 kwa mwaka kwa lori la uzito unaozidi ratili 75,000, hesabu ya kodi ya mafuta ya majimbo kila robo mwaka, na trela lake mwenyewe. Madalali hulipa baada ya siku 30 au zaidi, wakati kituo cha dizeli kinataka fedha leo, hivyo wengi huuza hati zao za madai kwa kampuni zinazolipa mapema na kukata asilimia kadhaa.

Kwa wiki ile ile, yeye anapokea dola 5,600 zote. Tumkate dizeli dola 1,440, mkopo wa lori lililotumika 600, bima 300, trela 150, matengenezo na matairi senti 17 kwa maili ambazo ni 476, asilimia 3 ya anayemlipa mapema ambazo ni 168, usajili, mhasibu na huduma ya kutafutia mizigo 110, na ada za njiani 70. Makato ni dola 3,314, anabaki na 2,286, na baada ya michango yake takriban dola 2,017. Hapo kweli amempita mwajiriwa kwa karibu dola 600, na anayesema kumiliki lori hakulipi hajaifanya hesabu hii. Lakini tuishushe bei ya mzigo kutoka dola 2.24 kwa maili yenye mzigo hadi dola 1.80, anguko ambalo waliokuwa sokoni baada ya neema ya mwaka 2021 wanalijua vizuri. Kilichobaki kinakuwa takriban dola 1,100, chini ya mshahara wa yule mwajiriwa ambaye senti zake 58 hazikuguswa. Mwezi Juni 2022, wastani wa bei ya dizeli nchini ulipovuka dola 5.70 kwa galoni, galoni 400 zile zile zingekula zaidi ya dola 2,280. Faida ya mwenye lori inategemea bei mbili ambazo hazipangi yeye, na kinachomwezesha kuvuka miezi mibaya ni fedha aliyoiweka kando kabla ya kuanza.

Kwa hiyo katika mizani yangu nafasi tatu hizi hazilingani, na mpango wa kukodi na kununua unakaa chini ya zote mbili. Kwa anayeanza, ujira wa kampuni unalipa zaidi, na unampa muda wa kujenga historia ya mikopo na kuweka fedha ya dharura inayotosha angalau matengenezo makubwa ya mfumo wa moshi, ambayo kwa lori lililo nje ya dhamana hufikia maelfu ya dola kwa mara moja. Akishakuwa nayo, mkopo wa chama cha akiba na mikopo kwa lori lililotumika ni mkataba mwepesi kuusoma kuliko ule wa kampuni, na lori hilo anaweza kulipeleka kwa kampuni yoyote itakayolipa vizuri kabla hajafikiria kuchukua namba yake mwenyewe.

Waliokwisha kusaini wana haki ambazo ofisi haziwatangazii. Kanuni za shirikisho za ukodishaji, sehemu ya 376, zinataka dereva anayelipwa kwa asilimia apewe nakala ya hati inayoonyesha mzigo ulilipiwa kiasi gani, ili ajue asilimia 70 ni ya namba ipi. Kila kato lazima liwe limeandikwa kwenye mkataba pamoja na jinsi linavyohesabiwa, na kampuni haiwezi kumlazimisha kununua bidhaa au huduma kwake kama sharti la kukodisha. Malipo ya safari yanapaswa kutoka ndani ya siku 15 baada ya kuwasilisha hati zinazohitajika. Akiba iliyowekwa hurudishwa ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha, ikiambatana na hesabu ya kila kilichokatwa, na kwa muda wote inaposhikiliwa inapaswa kuzaa riba. Niliidai yangu kwa barua iliyotaja kifungu hicho, na hesabu niliyotumiwa ilikuwa na mstari wa riba.